Upande Unaoliwa na Jalada

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, lakini anayeipeleka kubaindiwa hana milimita 210 za kuandikia. Spairo ya plastiki, ile ya saiba nyingi za Kitui, Mwingi, Wote na Emali, inataka matundu 21 kando ya ukurasa, na matundu hayo pamoja na meno yanayopita ndani yake humeza karibu sentimita moja. Pini za stepla zikipigwa ubavuni humeza zaidi, kwa sababu ukurasa uliobanwa hivyo haulali wazi na maneno ya karibu na pini huzama kwenye mkunjo. Gundi na jalada gumu nazo zina ulaji wake. Hesabu ya pambizo ingepaswa kuanzia hapo. Badala yake mtu huandika kurasa themanini, akaziprinti zote, akafika kwa mwenye mashine ya kutoboa, na ndipo anapouliza kama neno la kwanza la kila mstari litasomeka.

Ukambani kuna karatasi nyingi za kubaindi kuliko mtu wa nje angedhani. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao makuu Kwa Vonza, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na mwanafunzi wa uzamili hamalizi bila tasnifu yenye jalada. Mwaka huohuo serikali za kaunti zilianza kazi, na sheria inazitaka ziwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano; Kitui na Makueni zote mbili zina wao wa 2023 hadi 2027. Makueni, iliyojijengea jina kwa kuwashirikisha wananchi katika bajeti na miradi, hutoa nyaraka ambazo hazikusudiwi kulala kabatini. Mzee wa kijiji atataka kuifungua nakala juu ya goti, si kuichungulia.

Ukitumia Word, nenda kwenye Layout, kisha Margins, kisha mstari wa mwisho kabisa unaokuruhusu kujaza vipimo mwenyewe. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza pambizo ya kushoto moja kwa moja. Ya pili ni kuziacha pambizo zote zilivyo na kujaza kisanduku kinachoitwa Gutter, ambacho huongeza nafasi upande wa jalada peke yake. Ukichapa upande mmoja wa karatasi, njia zote mbili hutoa ukurasa uleule. Mimi huchagua ya pili kwa sababu hutenganisha maamuzi mawili yasiyohusiana: pambizo ni ya jicho la msomaji, nafasi ya jalada ni ya mashine. Msimamizi akibadilisha nia na kutaka jalada gumu badala ya spairo, nabadilisha tarakimu moja tu.

Tarakimu ipi? Kwa spairo, sentimita 1 hadi 1.3 inatosha. Kwa pini za ubavuni anzia 1.5. Kwa gundi unene wa kitabu ndio unaoamua, maana kitabu kinene hakifunguki kama chembamba. Huduma ya Amazon ya kuchapisha vitabu, kwa mfano, humdai mwandishi pambizo ya ndani isiyopungua milimita 9.5 kwa kitabu cha hadi kurasa 150, milimita 12.7 kikifika 300, na kuendelea hadi zaidi ya milimita 22 kwa vile vinavyovuka kurasa 700. Hicho ni kima cha chini. Anayetaka kusomwa kwa raha huongeza. Kwa tasnifu usikisie: shika mwongozo wa chuo chako. Vyuo vingi hutaka inchi moja na nusu kushoto, yaani milimita 38, na kiasi hicho kwa kawaida tayari kina nafasi ya jalada ndani yake. Ukiongeza tena Gutter juu ya 38 utakuwa umemlipa fundi mara mbili, na maandishi yatasukumwa kulia kama yanayokimbia moto.

Nafasi hii hukatwa kutoka kwenye upana wa mstari, haishuki kutoka mbinguni. A4 yenye pambizo za kawaida za sentimita 2.54 kila upande hubakisha mstari wa sentimita 15.92. Weka 1.3 za jalada, ubaki na 14.62. Maneno ya mwisho wa kila mstari yatashuka, aya zitarefuka, kurasa tisini zinaweza kuwa karibu mia. Namba za kurasa kwenye yaliyomo zitakuwa za uongo hadi uzisasishe, na jedwali lililokuwa limejaa ukurasa litachomoza nje. Ndiyo sababu uamuzi wa jalada hufanywa kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, au angalau kabla ya kupanga majedwali.

Kuchapa pande mbili ndiko kunakoumbua wengi. Kwenye ukurasa wa kwanza jalada liko kushoto. Geuza karatasi: sasa liko kulia. Aliyeongeza pambizo ya kushoto peke yake atakuta kurasa zote za namba shufwa zina uwanja mtupu upande wa nje, na maandishi yake yametumbukia ndani ya spairo. Dawa yake katika Word ni kuchagua Mirror margins. Maneno ya kushoto na kulia hugeuka kuwa ndani na nje, na programu yenyewe huhamisha nafasi kila ukurasa unapogeuzwa. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inafanya vilevile kupitia mtindo wa ukurasa. Kisanduku cha nafasi ya jalada kiliongezwa katika toleo la 7.2 la mwaka 2021. Google Docs haina ufundi huu, kwa hiyo humo ongeza kushoto na uchape upande mmoja.

Wachapaji wa zamani wa Ulaya walifanya kinyume cha mazoea ya ofisi zetu: pambizo ya ndani ndiyo iliyokuwa nyembamba kuliko zote. Jan Tschichold, aliyechunguza miswada na vitabu vya kale katika karne ya 20, alionyesha uwiano wa 2 ndani, 3 juu, 4 nje na 6 chini. Kitabu kikiwa wazi, pambizo mbili za ndani hukutana na jicho huziona kama uwanja mmoja. Lakini vitabu hivyo vilishonwa na kulala wazi. Uwiano huo hauwezi kuhamishiwa kwenye ripoti iliyopigwa pini tatu ubavuni.

Kwenye tenda mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa pambizo mbaya huweza kugusa pesa. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 74, inataka tangazo la tenda limwagize mwombaji kuzipa kurasa zake zote namba zinazofuatana. Mkandarasi wa Mutomo anayeomba kujenga bwawa la mchanga anaweza kutimiza hilo kikamilifu, kisha namba zake zikatobolewa na spairo kwa sababu aliziweka kona ya ndani. Kona ya nje, juu au chini, ndiyo salama.

Halafu kuna viambatisho. Cheti cha usajili wa kampuni, cha kulipa kodi, taarifa za benki: vyote ni fotokopi zinazojaza karatasi hadi ukingoni, na hakuna Gutter itakayoziokoa kwa kuwa hazikuandikwa kwenye faili lako. Mwambie mwenye mashine apunguze hadi asilimia 93 na asogeze nakala kulia. Upana wa 210 unakuwa kama 195, na milimita 15 zinabaki kwa ajili ya matundu. Huu ni ufundi mdogo wa kaunta ambao hakuna darasa la kompyuta nililolisikia likiufundisha.

Mipango ya kaunti ina tatizo lake: majedwali mapana ya miradi, wadi kwa wadi, yanayolazimu ukurasa ulazwe. Ukurasa uliolazwa ukiingia kwenye kitabu kilichosimama, kichwa cha jedwali ndicho kinachotakiwa kuelekea kwenye jalada, ili msomaji akizungushe kitabu mara moja tu. Nafasi ya jalada hapo iko juu ya ukurasa, si kushoto. Ukishachapa pande mbili, kwa karatasi iliyogeuzwa nafasi hiyo huwa chini. Tenga kurasa hizo kuwa sehemu yake kwa kuvunja sehemu kabla na baada, futa Gutter iwe sifuri, kisha ongeza pambizo ya juu au ya chini kwa mkono. Kazi ni ya kuchosha, na ndiyo maana ripoti nyingi zina vichwa vya majedwali vilivyotobolewa.

Kabla ya kupeleka chochote dukani, angalia kama faili lako ni A4. Word iliyowekwa Kiingereza cha Marekani mara nyingi hufungua karatasi yao, Letter, ambayo ni pana kwa takriban milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Printa ya saiba ina A4, kwa hiyo itapunguza au itasogeza, na vipimo vyako vyote vitakuwa si vyako tena. Hifadhi kama PDF, itume kwa WhatsApp ukipenda, na umwambie mhudumu achape kwa ukubwa halisi, asiguse kile kitufe cha kutosheleza ukurasa.

Kazi ya mwisho ni ya vijitabu vilivyokunjwa, vile vya programu za mazishi na harusi, A4 moja ikizaa kurasa nne za A5. Chagua Book fold kwenye orodha ileile ya Mirror margins. Programu itaulaza ukurasa na kupanga namba zenyewe, ya mwisho ikae pamoja na ya kwanza. Pini hupigwa kwenye mkunjo, kwa hiyo nafasi ya jalada karibu haihitajiki. Kijitabu kikiwa na karatasi ishirini, za katikati zitachomoza kama milimita 2, lakini programu ya mazishi haifiki huko. Kinachosumbua ni kwamba kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Ukiwa na kurasa kumi, mbili zitabaki tupu, na ni vyema familia iulizwe mapema kama ina picha za kuzijaza, kabla mhudumu hajaziba pengo kwa maua ya kompyuta.