Je, Wajua? Rimoti yako ina kitufe cha maandishi

Mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dodoma mwanzoni mwa 2013, king'amuzi kilileta zaidi ya picha safi. Mawimbi ya dijitali yanaweza kubeba maandishi ya mazungumzo kando ya picha, nawe ukayawasha au kuyazima upendavyo. Marekani walianza huduma ya maandishi ya namna hii Machi 1980. Bonyeza SUB kwenye rimoti, au tafuta sehemu ya lugha kwenye menyu. Yasipotokea, mara nyingi rimoti haina kosa: kituo hakikuyatuma. Hapo ndipo panaponiuma. Kiziwi wa Kongwa au Bahi, mkoani Dodoma, mara nyingi hukuta maandishi kwenye filamu za kigeni, lakini kwenye taarifa ya habari ya Kiswahili humtegemea mkalimani wa lugha ya alama, aliyebanwa kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa kioo.