Kontena Linalovuja: Kutafuta Mahali Maji Yanapoingilia

Mvua kubwa inyeshapo usiku, mwenye duka hufungua milango asubuhi na kukuta kiroba cha unga kimelowa chini, na tone moja likiendelea kudondoka juu ya rafu ya sukari. Fundi huitwa, hupanda juu na kupaka lami mahali palipo sawasawa na rafu ile. Wiki inayofuata mvua hurudi, na tone hudondoka palepale. Lami imeongezeka, fedha imetumika, maji hayakupungua. Kosa si la lami. Fundi ametibu mahali maji yanapodondokea, ilhali mahali yanapoingilia panaweza kuwa mita mbili au tatu kutoka hapo.

Kando ya barabara za Kwa Mrombo na kuzunguka soko, biashara nyingi zimo ndani ya masanduku ya chuma: makontena yaliyokwisha kusafiri baharini, vibanda vya bati juu ya fremu ya chuma, na matela ya magurudumu yanayouza chipsi na chai. Yote yana ugonjwa mmoja, ingawa kila moja huupata kwa njia yake. Masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na vuli huja Novemba na Desemba; nafasi ya kukagua na kutengeneza ni miezi mikavu iliyo katikati.

Kontena lenyewe, likiwa zima, halivuji. Limeundwa kustahimili mawimbi sitahani mwa meli: kuta na paa ni bati nene la takriban milimita 2 lililokunjwa migongo na kuchomelewa mfululizo, na milango ina mpira unaobana pembeni. Kuvuja huanza nchi kavu. Mwenye nalo hulikata ili kuweka dirisha na mlango wa pembeni, hutoboa paa kupitisha waya wa umeme au mlingoti wa antena, kisha hupanga juu yake matairi, mbao na tangi la maji. Paa hubonyea. Katika kila bonde dogo maji husimama siku nzima baada ya mvua, rangi hubabuka, na kutu hula bati taratibu mpaka litoboke tundu dogo kuliko kichwa cha sindano. Tundu la namna hiyo hutosha kulowesha magunia kadhaa katika usiku mmoja.

Sababu nyingine haionekani kwa urahisi, na mafundi wengi huipita. Uzito wa kontena umekusudiwa kubebwa na vyuma vinne vya pembe. Likiwekwa juu ya matofali yasiyolingana, au juu ya udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, pembe moja huzama na sanduku zima hujipinda kidogo. Dalili ya kwanza ni mlango unaohitaji kusukumwa kwa bega ili ufungwe. Mpira wa mlango haubani tena sehemu ya juu, na mvua ya upepo hupenya hapo. Kubadilisha mpira pasipo kusawazisha msingi ni kununua mpira mwingine mwakani. Pima maji ya fundi mwashi, ikiwekwa juu ya kizingiti, hutoa jibu kwa dakika moja.

Tela la magurudumu ni dhaifu zaidi. Bati lake ni jembamba, limefungwa kwa skrubu au ribiti, na kila linapovutwa kupita kwenye mashimo viungo hutikisika na gundi ya zamani hukatika. Kwa kawaida maji huingilia mahali paa linapokutana na ukuta, kwenye pembe za dirisha la kuuzia, na kuzunguka bomba la kutolea moshi. Kama fremu ni ya mbao, huoza ndani ya ukuta muda mrefu kabla mwenye tela hajaona doa. Ukuta ukibonyezwa kwa kidole gumba na kuingia ndani, mbao iliyo nyuma yake imekwisha.

Kabla ya kutafuta tundu, ni vyema kuhakikisha kwamba lipo. Juni na Julai usiku wa Arusha huwa wa baridi, na paa la chuma hupoa kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa chai, wa sufuria za supu, wa nguo mbichi na hata wa pumzi za anayelala dukani hugeuka matone chini ya bati, na alfajiri hudondoka. Hilo ni jasho la bati. Hutambulika kwa mambo mawili: huja hata usiku usio na mvua, na hutawanyika dari nzima badala ya kufuata mstari mmoja. Dawa yake ni hewa. Makontena huwa na matundu madogo ya hewa juu ya kuta, yenye kifuniko kinachozuia mvua, nayo mara nyingi huzibwa na wenye maduka kwa kudhani ndiyo yanayovuja. Kuyazibua ni kazi ya bure, na kwa maduka mengine ndilo tengenezo pekee linalohitajika.

Ikiwa tatizo ni mvua kweli, uchunguzi huhitaji watu wawili. Umeme uzimwe kwanza kwenye swichi kuu, na bidhaa ziondolewe ukutani. Hatua ya kwanza ni ya mwanga: mchana wa jua, mmoja aingie ndani, milango ifungwe, atazame dari na pembe mpaka macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga ni tundu, na izungushiwe chaki. Milango ya kontena hufungwa kwa nje, kwa hiyo mwenzake asiondoke mlangoni hata kwa dakika moja.

Mwanga hauoneshi kila kitu, kwa kuwa maji hupita katika ufa uliopinda ambao mwanga hauwezi kuupita. Hapo ndipo maji yanapotumika, na kanuni ni kuanza chini na kupanda. Aliye nje amwagilie sehemu ya chini ya ukuta mmoja kwa dakika 10 hivi, kwa mpira wa maji au kwa ndoo na kopo pale maji yanapokuwa haba. Kisha apande kwenye dirisha, kisha ukingo wa paa, na mwisho paa lenyewe. Aliye ndani ashike tochi na kuita mara aonapo unyevu. Anayeanzia juu hulowesha kila kitu kwa pamoja, na mwisho wa siku hajui tone limetoka tundu lipi. Dari ya plaiwudi au gipsamu, kama ipo, ifunguliwe sehemu inayohusika. Maji hutembea juu yake na kushuka yanapopata nafasi, na doa la dari hudanganya kuliko kitu chochote.

Mahali pakishajulikana, tengenezo lifanywe upande wa nje. Kuziba kwa ndani hufungia maji kati ya bati na dari, na kutu huendelea kazi yake kwa siri. Gundi na lami ya zamani zikwanguliwe zote, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, pakaushwe, kisha pakwe rangi ya kuzuia kutu. Tundu dogo huzibwa kwa kiraka cha bati kinachozidi tundu kwa sentimita 5 hivi kila upande, kikilazwa juu ya gundi na kufungwa kwa ribiti, au kikichomelewa. Kiraka cha ukutani kiingizwe chini ya bati la juu na kulalia bati la chini, kama nyasi za msonge zinavyopangwa, ili maji yateleze yasikute mdomo wazi. Dirisha lililokatwa lipewe kofia ya bati juu yake. Gundi ipakwe juu na pembeni tu, na ukingo wa chini uachiwe nafasi ya kutoa maji yatakayopenya.

Kuhusu silikoni, wanunuzi wanashauriwa kunusa. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka na huweza kuchochea kutu kwenye chuma. Duka la vifaa liulizwe aina isiyo na asidi, au gundi inayotumika kwenye mabodi ya magari. Iachwe ikauke siku nzima bila mvua. Haishiki kwenye vumbi, na Kwa Mrombo wakati wa kiangazi vumbi hurudi juu ya bati kabla fundi hajamaliza chai yake. Pafutwe tena dakika ya mwisho.

Kuchomelea kuna hatari yake. Cheche huangukia upande wa pili wa bati, palipo na dari, waya na maboksi. Bidhaa na mitungi ya gesi vitolewe nje, ndoo ya maji au mchanga iwe karibu, na mtu abaki akiangalia kwa muda baada ya kazi kwisha. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114.

Umeme ndio sababu kuvuja kusihesabiwe kuwa hasara ya unga peke yake. Maji yakifikia kiungo cha waya, sanduku zima la chuma laweza kubeba umeme wa volti 230, na mteja aliyelowa miguu akigusa kaunta anaweza kufa. Mtu akihisi mtetemo hata mdogo anaposhika ukuta, asiendelee kuuza: atoke, watu wakae mbali, umeme ukatwe kama swichi yaweza kufikiwa bila kugusa chuma, vinginevyo TANESCO waitwe. Kisha fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ethi, ambao katika vibanda vingi haukuwahi kufungwa.

Nafaka iliyolowa nayo isianikwe na kurudishwa rafuni. Mahindi yenye unyevu hushikwa na ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ambayo kupika hakuiondoi. Afisa afya wa kata aulizwe namna ya kuiteketeza, maana kuwapa kuku ni kuhamishia sumu kwingine. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na kuta. Sakafu ya kontena ni plaiwudi ambayo mara nyingi ilitiwa dawa ya wadudu kiwandani, hivyo chakula hakifai kuilalia hata kama ni kavu.

Kwa paa lililokwisha kuliwa na kutu, viraka ni gharama isiyo na mwisho. Paa la pili la mabati juu ya fremu, lenye mwinamo na nafasi ya hewa katikati, huzuia mvua na hupunguza joto la mchana pamoja na jasho la alfajiri. Maji yake yaelekezwe mferejini kwa bomba, yasimwagikie ukuta wa jirani, na ukingo wake usiingie hifadhi ya barabara. Anayekusudia kulijenga aanzie ofisi ya mtendaji wa mtaa kabla ya kununua bati.