Je, Wajua? Watoto Wanaofunzwa Kulinda Maji

Je, wajua kwamba Kanada, nchi yenye maziwa mengi kuliko nchi nyingine yoyote, ina watoto waliokua bila kunywa maji salama ya bomba nyumbani kwao? Kwenye jamii ya wenyeji asilia ya Neskantaga, kaskazini mwa Ontario, notisi ya kuchemsha maji ilitolewa Februari 1995. Oktoba 2020 ilikuwa bado haijaondolewa. Mwezi huo utando wa mafuta ulionekana kwenye hifadhi ya maji, mabomba yakafungwa, na wakazi wakahamishiwa mjini Thunder Bay. Aliyezaliwa mwaka ule wa notisi alikuwa tayari mtu mzima wa miaka 25.

Je, wajua kwamba bibi mmoja alizunguka kwa miguu Maziwa Makuu yote matano ya Amerika Kaskazini? Ni Josephine Mandamin, wa wenyeji asilia wa Anishinaabe. Alianza mwaka 2003 na Ziwa Superior, ambalo kwa eneo ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani. (La pili ni Victoria, letu sisi.) Alibeba ndoo ya shaba yenye maji, na kulikuwa na sharti: tangu alfajiri hadi machweo maji yasisimame. Aliyechoka humpokeza mwenzake ndoo huku wote wanatembea. Wabebaji ni wanawake, kwa sababu katika mila ya Waanishinaabe wao ndio waliokabidhiwa dhamana ya maji. Hadi anafariki mwaka 2019 alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 17,000.

Watoto nao hushiriki matembezi ya namna hii. Hapo hawapewi somo la kemia wala hotuba juu ya sera. Wanasikia wakubwa wakiyaombea maji na kuyashukuru, nao wanashukuru. Naupenda sana mpangilio huo, kwamba mtoto ayathamini maji kwanza, habari za nani anayachafua zije baadaye. Mwenye kukipenda kitu hahitaji kusukumwa akitetee.

Matunda yake? Autumn Peltier, msichana wa Wiikwemkoong katika kisiwa cha Manitoulin, ni mjukuu wa Mandamin kiukoo. Akiwa na miaka minane alikwenda na mama yake kwenye sherehe ya maji katika jamii jirani ya Serpent River, akaingia msalani, akakuta matangazo ukutani yakionya kwamba maji hayanyweki. Akamuuliza mama yake maana yake nini. Mama akamweleza ukweli wote, bila kumficha kwa kuwa ni mdogo.

Desemba 2016, akiwa na miaka 12, alichaguliwa kumkabidhi zawadi ya maji Waziri Mkuu Justin Trudeau mbele ya machifu wa wenyeji asilia. Alikuwa ameandaa maneno yake, lakini muda haukutosha. Alimwambia tu, huku machozi yakimlengalenga, kwamba hakufurahishwa na maamuzi yake. Wiki moja nyuma serikali ilikuwa imeidhinisha mabomba ya mafuta. Trudeau akamwahidi kwamba atayalinda maji. Machi 2018 Autumn alihutubia Umoja wa Mataifa mjini New York. Mwaka 2019, akiwa na miaka 14, akateuliwa kamishna mkuu wa maji wa muungano wa Anishinabek Nation, wadhifa alioushika Mandamin kabla yake.

Je, wajua kwamba upinzani wa jamii ya wenyeji asilia ya Standing Rock, Marekani, ulisukumwa sana na vijana? Mwaka 2016 walikimbia kwa kupokezana takriban kilomita 3,200 kutoka Dakota Kaskazini hadi Washington, kupinga bomba la mafuta kupita chini ya Mto Missouri, chanzo chao cha maji.

Na vitabu vipo. "The Water Walker", alichokiandika na kukichora Joanne Robertson mwaka 2017, kinawasimulia watoto wadogo safari za Mandamin. "We Are Water Protectors" cha Carole Lindstrom kilitoka 2020, na mwaka uliofuata mchoraji wake, Michaela Goade wa watu wa Tlingit, akawa mwenyeji asilia wa kwanza kupata nishani ya Caldecott, tuzo kubwa kabisa ya michoro ya vitabu vya watoto nchini Marekani.