Mbwa Anayelipwa kwa Kufukuza

Msomaji mmoja anayefanya kazi kwenye shamba la ng'ombe huko Queensland, Australia, ameniletea swali. Tajiri wake ana mbwa wa ng'ombe, wale wa rangi ya samawati yenye vidoadoa. Tangu alfajiri mbwa huyo anaswaga ng'ombe. Jua likizama, badala ya kulala, anawazungushia kuku uani, anawabana watoto visigino, na akikosa vyote analifukuza toroli. "Huyu hachoki, au ana wazimu?"

Hana wazimu. Habari za urefu, uzito na chakula chake nitaziruka, maana zinapatikana kila mahali na hazina utamu. La kujua ni kwamba alitengenezwa kwa makusudi. Katika miaka ya 1830, mfugaji Thomas Hall wa New South Wales alikuwa na ng'ombe wa kuswagwa mwendo mrefu hadi soko la Sydney. Mbwa waliotoka Uingereza walibweka mno, na joto liliwashinda. Hall akachanganya mbwa wa waswagaji wa Northumberland, Uingereza, na dingo, mbwa wa porini wa Australia, ambaye huwinda kimya. Ukoo wake uliwabania mbwa hao mpaka Hall alipofariki mwaka 1870. Baada ya hapo wakasambaa.

Sasa tufike penye utamu. Mbwa anapowinda hafanyi tendo moja. Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Marekani aliyewachunguza mbwa wa kazi kwa miaka mingi, alieleza mfuatano: kukaza macho, kunyemelea, kufukuza, kudaka kwa meno, kuua, kupasua, kula. Ufikirie kama mbio za kupokezana vijiti. Kwa mbwa mwitu kila mkimbiaji hupokea kijiti na kukikabidhi, hadi wa mwisho anapofika mezani. Kwa Border Collie, anayechunga kondoo, wakimbiaji watatu wa kwanza ni mabingwa wa taifa, na yule wa meno ameachwa benchi. Kwa mbwa wa kulinda mifugo timu nzima karibu haikuja uwanjani, ndiyo maana analala katikati ya kondoo bila tamaa. Mbwa wa ng'ombe ana timu ya ajabu kuliko zote: wawili wa mwanzo wanajikokota tu, wa tatu anatoka kama risasi, wa nne anapokea kijiti, anakigusisha kisigino cha ng'ombe, kisha badala ya kukikabidhi kwa muuaji anakirudisha mwanzo ili mbio zianze upya.

Na katika timu hii hakuna anayesubiri kikombe. Kila mkimbiaji analipwa palepale kwa kipande chake.

Mshahara wenyewe unalipwa ubongoni, na kemikali iitwayo dopamini ina mkono mkubwa humo. Mwaka 1954, mjini Montreal, watafiti James Olds na Peter Milner waligundua kwamba panya akitiwa umeme kidogo katika sehemu fulani za ubongo hubonyeza wenzo mamia ya mara kwa saa ili atiwe tena, bila kupewa hata punje. Baadaye mtafiti Wolfram Schultz akaonyesha kwa kima kwamba seli za dopamini huwaka hata kabla ya tuzo, mara tu ishara yake inapotokea. Panya na kima si mbwa, sawa, tuendelee. Kwa mbwa wa msomaji wetu ishara ni mlio wa bawaba ya lango, ama mguu wa mtoto unaokimbia. Nguvu hiyo inayomsukuma mimi naiita mori. Mwenzangu hapa ofisini anashikilia "ari", lakini ari mtu huweza kuikosa Jumatatu asubuhi. Mori humpanda bila kumwomba ruhusa.

Mtazame anavyouma. Anamjia ng'ombe kwa nyuma, tumbo likikaribia kugusa majani. Miguu ya nyuma inapishana: mmoja uko hewani, mwingine umebeba uzito. Mwenye pupa angeuma ule wa hewani akala teke. Huyu analenga uliobeba uzito, juu kidogo ya kwato, kwa sababu huo hauwezi kurusha teke mpaka ng'ombe ahamishie uzito upande wa pili. Katika kipande hicho cha sekunde anabana, anaachia, anajilaza kifudifudi. Teke likifika linapita juu ya masikio. Wengi hujilaza hivyo bila kufundishwa, na sishangai: aliyezaliwa bila kipaji hicho hakuishi kuacha watoto wengi.

Basi, kumkimbiza ili achoke ni kumfua mwanariadha. Kesho atataka mara mbili. Mtoto akipiga kelele na kuongeza mbio, ndiye anayelipa mshahara. Mkimbiaji wa kusimamishwa ni wa kwanza: masikio yanaposimama na macho yanapoganda kwa kuku, kabla mguu haujanyanyuka, aambiwe "lala". Akilala, malipo yake yawe kazi yenyewe: lango lifunguliwe, aende kwa ng'ombe. Biskuti atakula, lakini si anachokitaka. Watoto wakicheza jioni, afungiwe bandani na mfupa wa kutafuna. Akitoboa ngozi ya mtu, hilo ni la daktari wa mifugo, si la makala.

Msomaji ameuliza pia kama uzee utampunguza makali. Asiwe na haraka. Bluey, mbwa wa ng'ombe wa Rochester, jimbo la Victoria, alizaliwa mwaka 1910, akafanya kazi na ng'ombe na kondoo karibu miaka 20, akafa mwaka 1939 akiwa na miaka 29 na miezi 5.