Inspekta mwenye shule yake: kazi mbili zinagongana wapi?

Hapa Kalemie, mtu wa leta kuwa na kazi ya pembeni haimshangazi mtu. Mwalimu anatoka darasani saa sita na nusu, saa nane unamkuta sokoni na ndakala zake, ama juu ya pikipiki anabeba watu. Mshahara ni mdogo, na kuna walimu wasioupata kabisa: ndio wale wanaoitwa NP, wanashika chaki kila siku lakini serkali haiwalipi. Mwalimu akiuza samaki jioni, wazazi hawana neno.

Neno linakuja pale kazi ya pili inapokutana na ya kwanza kwenye meza moja.

Tuchukue mfano. Inspekta wa masomo amejenga shule yake ya binafsi. Sheria ya masomo nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inataka shule kama hiyo iwe na kibali cha serkali, na ikaguliwe. Nani ataikagua? Kama ni yeye mwenyewe, ama mwenzake wa ofisi moja, nani ataandika kwamba vyoo vimejaa? Na shule ya jirani, ile inayomnyang'anya wanafunzi, inangojea ripoti kutoka mkono uleule. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini mzazi hatajua.

Kuandikisha shule kwa jina la bibi ama shemeji hakubadili kitu. Kanuni ya mwenendo wa watumishi wa serkali, dekreti-sheria nambari 017/2002 ya tarehe 3 Oktoba 2002, inahesabu faida ya jamaa na rafiki pamoja na ya mtumishi. Katiba nayo, katika kifungu cha 193, inakataza mtu kugeuza utawala wa serkali kuwa chombo cha faida yake.

Kuna mambo madogo pia, yale mzazi anayaona kila siku. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serkali ni bure. Basi direkteri anayelazimisha watoto wanunue daftari kwenye duka lake, amerudisha minervali kupitia dirishani. Na mwalimu anayewafundisha jioni, kwa feza, wanafunzi wake wa asubuhi? Kinachofichwa asubuhi kinauzwa jioni.

Mwaka 2020 wakaguzi wa feza wa IGF walikuta shule na walimu hewa katika orodha za malipo za SECOPE, ofisi ambayo leo inaitwa DINACOPE, na wakuu walifikishwa mahakamani Kinshasa. Ule ulikuwa mashtaka ya wizi. Mgongano wa faida huanza mapema zaidi, wakati hakuna hata franga iliyopotea bado: mtu anapangilia orodha, na jina la mdogo wake limo ndani.

Dawa yenyewe haina gharama kubwa. Mtumishi anamwandikia mkubwa wake kwamba ana shule ama duka, kisha anajitoa kwenye dosie hiyo. Komite ya wazazi, COPA, inaweza kuuliza shule ni ya nani kabla inspekta hajafika. Akitumwa mwingine kutoka Nyunzu ama Moba, barabara ni ndefu na mtu anahitaji mafuta ya pikipiki. Hapo tena wazazi waulize: mafuta hayo analipa nani, ofisi ama shule inayokaguliwa?