Alipona malaria, darasani akakwama

Kwenye skrini ya kompyuta kinatokea kisanduku, na ndani yake kisanduku kingine kidogo. Kile kidogo kikiwa juu, mtoto abonyeze kitufe. Kikiwa chini, azuie mkono wake. Hakuna zaidi ya hapo, ila zoezi linaendelea kwa dakika zaidi ya 20. Kipimo kingine hakihitaji hata umeme. Mpimaji anagusa meza kwa ngumi, kisha kwa kiganja, kisha kwa ubavu wa mkono, na mtoto anamfuatisha kwa mpangilio uleule. Kila raundi mfuatano unarefuka, mpaka mtoto apotee njiani.

Vipimo vya aina hii vilitumika Kampala, kwa watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa Hospitali ya Mulago kwa malaria ya ubongo. Michael Boivin, Chandy John na wenzao wa Uganda waliwalinganisha na watoto wazima waliotoka katika jamii zilezile. Miezi 6 baada ya ugonjwa, asilimia 21.4 ya waliougua walikuwa na upungufu katika kufikiri, dhidi ya asilimia 5.8 ya wenzao. Ungetegemea pengo hilo lizibe kadiri muda unavyokwenda. Miaka 2 baada ya ugonjwa lilikuwa bado wazi: asilimia 26.3 dhidi ya 7.6. Kilichoathirika zaidi ni uwezo wa kutuliza akili kwenye jambo moja.

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwapima watoto wa miaka 6 hadi 9 waliowahi kulazwa kwa malaria kali. Kati ya waliopata malaria ya ubongo, asilimia 24 walikuwa na angalau tatizo moja la akili au mishipa ya fahamu; kati ya wasiowahi kuugua hivyo, asilimia 10. Lililonigusa mimi zaidi ni kundi la tatu: watoto ambao hawakuzama katika usingizi mzito wa malaria ya ubongo, ila walishikwa na degedege kali. Nao walikuwa asilimia 24, sawasawa na wale wa kwanza. Nyumba ngapi huku kwetu zinamhesabu mtoto wa namna hiyo kuwa alipata homa tu, ikaisha?

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hakiingii ndani ya ubongo wenyewe. Kinajificha ndani ya seli nyekundu ya damu, na seli hiyo inaota vinundu vinavyoifanya ing'ang'anie ukuta wa mishipa midogo kama chaza kwenye mizizi ya mikoko. Damu inapita kwa shida, oksijeni inapungua, sukari inashuka, na degedege linazidi kuimaliza ile kidogo iliyobaki. Ubongo unavimba. Huko Blantyre, Malawi, Terrie Taylor na wenzake waliupiga picha kwa mashine ya MRI, na mwaka 2015 wakaeleza walichokiona: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa tangu walipopokelewa. Kati ya 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39, na picha za baadaye zilionyesha ukishuka.

Uvimbe ukishuka mtoto anafumbua macho, anaomba uji, dripu inatolewa, mama anamshukuru Mungu. Ana haki ya kushukuru. Lakini ni Blantyre hiyohiyo ambako watoto 132 walionusurika malaria ya ubongo walifuatiliwa, na 12 kati yao baadaye wakapata kifafa. Katika watoto 264 waliolinganishwa nao, hakupata hata mmoja.

Faraja tunayopeana siku zote ni kwamba ubongo wa mtoto bado mchanga, utajirekebisha. Ina ukweli ndani yake. Katika miaka ya 1930 Margaret Kennard, huko Marekani, alionyesha kuwa nyani wachanga walioumizwa sehemu ya ubongo inayoongoza viungo walirudia kutembea vizuri kuliko wakubwa. Ila kutembea ni jambo moja. Kupanga, kukumbuka agizo huku ukitekeleza lingine, kujizuia usikurupuke kujibu, hayo yanategemea sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo haikomai mpaka mtu anapopita miaka 20. Jeraha la umri wa miaka 2 linaweza lisionekane kabisa mpaka shule itakapoanza kudai kazi hiyo, pengine darasa la tatu au la nne, pale hesabu zinapokuwa za hatua nyingi na ubao umejaa maandishi. Wakati huo nani anakumbuka ile wiki ya wodini? Mtoto anaitwa mzito, mtundu, mvivu, na mara nyingi anachapwa kwa jeraha asilolijua.

Nusu ya kazi iko kabla ya jeraha. Kadiri degedege linavyojirudia na mtoto anavyokaa muda mrefu bila fahamu, ndivyo hatari inavyokua. Likimshika, alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya artesunate, katika utafiti uliotolewa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano, kutoka asilimia 10.9 kwa kwinini hadi 8.5.

Kwa aliyekwisha kuumia, Uganda imejaribu mazoezi ya akili kwenye kompyuta, vipindi 16 kwa wiki 8, na Paul Bangirana wa Makerere na wenzake waliona watoto wakipata wepesi zaidi katika baadhi ya vipimo. Shule nyingi hazina kompyuta. Lakini kila shule ina siku ya kuandikisha, na swali moja lingetosha: je, mtoto huyu aliwahi kupata degedege au kupoteza fahamu kwa homa? Mwalimu mwenye jibu hilo atamkalisha mbele, atampa agizo moja kwa wakati badala ya matano, atamrudia kumuuliza ameelewa nini, na akiona bado anakwama atamwita mzazi wampeleke akapimwe, bila kungoja afeli miaka mitatu mfululizo.