Usafi ulifundishika Mwanza. Na haki kazini?

Mlangoni mwa kiwanda cha samaki, hapa Mwanza, kuna kidimbwi kifupi cha maji ya dawa. Hakuna anayekiruka. Mkurugenzi akija na wageni wake hukanyaga humo kwa mabuti meupe, kibarua wa zamu ya alfajiri hukanyaga humo, na mkaguzi wa serikali vilevile. Ukishavuka unanawa hadi viwikoni, unafunika nywele, unavua pete. Ukutani imebandikwa karatasi yenye saa na sahihi: meza imesafishwa saa ngapi, na nani, na nani amehakiki. Karatasi ile imechafuka pembeni kwa vidole vyenye maji, na ndiyo inayonifanya niiamini.

Utaratibu huo uliletwa na hofu ya kukosa soko. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa sangara wa Ziwa Victoria: mara bakteria wa salmonela, mara hofu ya kipindupindu, mwisho sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Viwanda vilisimama, mialo ikanyamaza, bei ikaanguka. Soko lilipofunguliwa tena, wenye viwanda walikuwa wameelewa kwamba kumfundisha kibarua kunawa mikono ni sehemu ya gharama ya kuzalisha minofu, kama umeme na barafu. Leo samaki hupimwa kwenye maabara ya serikali Nyegezi, na mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kukueleza kwa nini kisu kilichoanguka sakafuni hakirudi mezani.

Naanza na usafi kwa sababu kuna somo jingine ambalo limekuwa likifundishwa kwa wingi mjini Mwanza, nalo halijapata karatasi yake ukutani. Linaitwa kwa majina mengi: ujumuishi, usawa wa kijinsia, uongozi kwa wanawake, ushawishi binafsi. Limekuwa biashara kamili. Kuna wawezeshaji wanaotoka Dar es Salaam na wengine wa hapahapa, kuna kumbi za hoteli zinazolipokea wiki baada ya wiki, kuna kitini, kuna chai ya saa nne, posho, nauli na cheti. Mlipaji mara nyingi ni mradi wa mfadhili. Mara chache ni kampuni yenyewe kupitia ofisi ya rasilimali watu.

Kampuni zina hoja yao, na ni ya haki kuisikia. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi tayari analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara, na sehemu ya fedha hizo huenda kwenye vyuo vya ufundi kama VETA ya hapa Nyakato. Akiambiwa agharimie tena siku tatu za somo la usawa, huku mashine zimesimama, anauliza atarudishiwa nini. Wauzaji wengi wa somo hili hawana jibu la shilingi. Wanajibu kwa maneno mazuri.

Wakati huohuo sheria ipo, tena ina meno kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka kila mwajiri akuze fursa sawa, kinamtaka awe na mpango wa kufanya hivyo na ausajili kwa Kamishna wa Kazi, na kinakataza kubagua kwa kabila au mahali mtu alikotoka, kwa dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, maambukizi ya VVU, umri na mengineyo. Unyanyasaji kazini umehesabiwa humo kuwa ni ubaguzi. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Mafunzo mengi niliyohudhuria yanapita kwenye vifungu hivi kwa slaidi moja, kisha yanaingia kwenye michezo ya kujenga umoja. Ningependa iwe kinyume. Mfanyakazi akitoka ukumbini anajua kwamba mpango wa fursa sawa unapaswa kuwapo na kusajiliwa, atakuwa na swali la kumuuliza afisa wake Jumatatu asubuhi. Swali hilo ni mtaji.

Na maneno yenyewe yanahitaji kushushwa mezani. Wawezeshaji huhangaika kutofautisha usawa na haki kwa michoro ya watu waliosimama juu ya masanduku. Meza ya kunyoosha minofu ingetosha. Glavu zikinunuliwa za saizi moja, kubwa, kwa kuwa ndizo zilizopatikana kwa bei ya jumla, kila mtu amepewa sawa. Mwenye kiganja kidogo ncha za vidole vya glavu zinamkunjikia mbele ya kisu. Inambidi apunguze kasi, na anayelipwa kwa kilo hasara hiyo inaingia kwenye ujira wake jioni. Kununua saizi tatu ni kazi ya mtu wa manunuzi na haihitaji semina. Lakini mtu wa manunuzi hakualikwa kwenye semina.

Kuna programu ambayo wakubwa wa mashirika wanaifahamu, Female Future. Ilibuniwa Norway mwaka 2003 na shirikisho la waajiri la huko, NHO, wakati nchi ile ikijadili kuwapa wanawake asilimia 40 ya viti vya bodi. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kiliileta nchini katikati ya miaka ya 2010 na kikaiendesha pamoja na chuo cha uongozi cha ESAMI cha Arusha. Ndani yake mna uongozi, kazi za bodi, na namna ya kusema mbele ya watu mpaka ukasikilizwa. Ni mafunzo yenye uzito, na nimeona wanawake wakirudi kazini wameongezeka urefu, kwa maana ya namna wanavyoketi kwenye kikao. Lakini mshiriki wake ni meneja, mhasibu, mwanasheria, mtu ambaye kampuni iko tayari kumlipia. Ngazi yake ya kwanza iko juu ya kichwa cha mwanamke anayeanika dagaa.

Huyo anayeanika dagaa ndiye uchumi wa ziwa. Tanzania ina takribani asilimia 51 ya Ziwa Victoria, na nenda soko la Kirumba Mwaloni alfajiri yoyote uone nani anachambua, nani anapepeta, nani anafunga magunia yanayokwenda mikoani, Congo na kwenye viwanda vya chakula cha kuku. Ni kinamama. Walio na mitumbwi, taa na nyavu ni wanaume kwa sehemu kubwa. Katika mialo mingi mwanamke kupanda mtumbwi wa uvuvi ilikuwa mwiko, na mwenye fedha ya kununua chombo humkabidhi mwanamume. Hapa ndipo neno "ushawishi" linapopata maana tofauti kabisa na ile ya ukumbini. Ukumbini mwezeshaji anafundisha: simama wima, tazama watu machoni, punguza "samahani". Mwaloni ushawishi ni kuaminika. Mwenye nao ni yule anayepewa magunia kumi mali kauli, bila karatasi, na tajiri akalala usingizi. Amejijengea jina hilo kwa misimu mingi ya kulipa siku aliyosema atalipa, hata mwaka ambao mvua ililowesha mzigo wake mchangani na akauza kwa bei ya chakula cha mifugo.

Tazama upimaji. Dagaa wabichi wanatoka mtumbwini kwa ndoo ya plastiki. Baria, yaani mfanyakazi wa mtumbwi, anajaza mpaka mdomoni. Mnunuzi mwenye nguvu anasukuma mkono wake, anaongeza kiganja, anaongeza kingine, kilima kinasimama juu ya ndoo, na hakuna anayesema neno. Mama anayefuata ana ndoo ileile na fedha ileile. Akinyoosha mkono kuongeza, baria anaunyanyua. Tofauti ya viganja viwili ikizidishwa kwa ndoo thelathini ni ada ya mtoto. Kuna mambo mazito kuliko hayo pia: mwanamke kuambiwa kwamba samaki watapatikana akikubali kulala na mwenye samaki. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa inapodaiwa na mwenye mamlaka. Baria hana ofisi wala muhuri, lakini saa kumi na moja alfajiri, mtumbwi mmoja umefika na wanunuzi ni hamsini, mamlaka anayo.

Ndiyo maana nayapa uzito mafunzo yaliyofungwa kwenye kitu cha kushika. EMEDO, asasi yenye makao Mwanza inayoongozwa na Editrudith Lukanga, ilifanya kazi ya miaka kuwakusanya wanawake wa sekta ya uvuvi hadi kikaundwa chama chao cha kitaifa, TAWFA, mwaka 2019, baada ya mtandao wa Afrika nzima, AWFishNET, kuzinduliwa Dar es Salaam 2017. Miongozo ya FAO kuhusu uvuvi mdogo ya 2014 iliwapa lugha ya kuzungumza na wizara. Chama kinafundisha, lakini kinafundisha kuandika katiba ya kikundi, kuanika kwenye vichanja badala ya mchangani, kuuza pamoja. Mwanamke mwenye kichanja ana dagaa safi; mwenye dagaa safi hahitaji kufundishwa kujiamini kwenye bei.

Ushahidi bora nilioukuta haukutoka kwa muuzaji wa mafunzo. Ni utafiti wa MAISHA uliofanyika papa hapa mjini, ukaendeshwa na kituo cha utafiti cha MITU. Vikundi 66 vya mikopo vya wanawake viligawanywa kwa kura. Nusu walipata vipindi 10 vya mafunzo ya jinsia na mahusiano, nusu wakasubiri. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili wa kimwili au kingono na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa asilimia 23 kwa waliofundishwa, na 27 kwa wengine. Kisha mafunzo hayohayo yakapelekwa kwa wanawake wasio kwenye vikundi vya mikopo. Mitazamo ikabadilika, ukatili haukuonekana kupungua. Watafiti wana tahadhari zao katika kulinganisha, nami naziheshimu, ila kwa mtu wa kurasa za biashara ujumbe umekaa wazi: somo lilishika mahali palipokuwa na mkopo, kikundi na siku ya marejesho. Na yeyote anayedhani ukatili wa nyumbani hauhusiani na biashara amuulize mchuuzi ambaye mtaji wa asubuhi ulichukuliwa usiku.

Fedha za kufungia mafunzo hayo zipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi hapa Mwanza boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Kizimba kina faida moja inayosahaulika: hakina mwiko. Hakuna bibi aliyewahi kukataza mwanamke kulisha sato.

Ujumuishi hauishii kwa wanawake. Kwa watu wenye ualbino, mkoa huu una deni ambalo hotuba haziwezi kulilipa. Kazi nyingi za ziwa ni za juani, na jua linawaua polepole kwa saratani ya ngozi. Mwajiri anayemhamishia mfanyakazi huyo chini ya paa, kwenye mizani au stoo, akamnunulia kofia pana na mafuta ya kuzuia jua, ambayo yanatengenezwa nchini, Moshi, amefanya ujumuishi wote anaoweza kuufanya kabla ya saa tatu asubuhi.

Kilichofanya usafi ushike kilikuwa mnunuzi aliyedai kuona rekodi. Upande wa haki hilo limewahi kujaribiwa: mwishoni mwa miaka ya 2000 sangara wa Bukoba walipata cheti cha Naturland ya Ujerumani, ambayo masharti yake yanagusa mazingira na pia hali ya wavuvi. Mnunuzi wa Ulaya anayeuliza joto la minofu anaweza kuuliza pia nani kapandishwa cheo mwaka huu, na mpango wa fursa sawa uko faili gani.

Huku mwaloni mnunuzi huyo hafiki, na mkaguzi wa karibu ni BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Miongozo ya BMU ya nchi tatu za ziwa, ya 2005, inataka kamati iwe na mabaria na wachakataji pamoja na wenye vyombo, na wanawake wasiopungua 3 panapowezekana. Kamati hiyo ina uwezo wa kusema ndoo ijazwe wapi. Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa kinamama wa dagaa ni kwamba semina huwaita wao peke yao, wakafundishwa haki zao, wakarudi kwa mabaria na matajiri ambao hawakufundishwa chochote. Waandaaji hujibu kwamba wanaume hawapatikani, wako ziwani. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mwezi mpevu. Siku zile mitumbwi hupumzika. Mabaria wanashona nyavu chini ya miti, matajiri wanapiga hesabu, ndoo zimepinduliwa mchangani. Mwezeshaji atakayeacha ukumbi wa hoteli na kupanga ratiba yake kwa mwezi wa angani atawakuta wote.